Jiwe Lisilotuliwa na Mnandi: kisa cha kidokezo kimoja kilichowapoteza wachezaji wetu

Jina la gemu, majina ya wenzangu na ya wachezaji wa majaribio nimeyaondoa, pamoja na mahali hasa tulipokutania. Mengine yote nimeyaacha yalivyo, hata yale yanayoniuma, kwa sababu anayetengeneza gemu peke yake chumbani ndiye anayehitaji zaidi kuona mahali ambapo wengine walijikwaa.

Usuli

Tulikuwa watu wanne hapa Mwanza, tunatengeneza gemu ya simu kwa Godot, programu ya bure ambayo mtu anaweza kuipakua na kuitumia bila kulipia leseni. Kila mmoja ana kazi yake ya mchana, kwa hiyo gemu ni ya usiku na ya Jumapili. Mimi naandika hadithi na kupanga nini kikae wapi katika kila eneo. Mmoja anachora, mmoja anaandika msimbo, wa nne anashughulika na sauti na kutafuta wachezaji wa kutujaribia.

Gemu yenyewe ni RPG ya ulimwengu wa kubuni: unamwongoza mhusika, unamkuza, unaokota vitu, unaongea na watu, unapigana inapobidi. Mhusika wetu ni binti wa mvuvi katika ziwa lisilo kwenye ramani yoyote, ingawa mtu wa Mwanza akilitazama dakika moja atajua tulikaa wapi tukilichora. Lina mawe ya itale yaliyopandana kama lile Jiwe la Bismarck jirani na kivuko cha Kamanga. Lina mwalo wa kushushia samaki, mitumbwi, chanja za dagaa, magugu maji yanayohama na upepo. Baba wa binti ameingia ziwani usiku na hajarudi, na ziwani humo kuna viumbe wanaojifanya mawe.

Tangu siku ya kwanza tulikubaliana kwamba hakutakuwa na mshale juu ya skrini wala kiramani cha pembeni chenye nukta inayowaka. Mchezaji aongozwe na macho yake. Mimi ndiye niliyelishikilia hilo zaidi, na najua lilikonitoka. Katika Skyrim, gemu ya mwaka 2011, kuna mlango wa mawe wenye pete tatu za kuzungusha, na funguo yake ni ukucha wa dhahabu. Nilihangaika na mlango ule jioni nzima, nikajaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine. Kumbe jibu nilikuwa nalo mfukoni: ukiufungua mkoba, ukauchukua ule ukucha na kuugeuza, kiganjani mwake zimechongwa picha tatu, dubu, nondo na bundi. Nilipoziona nilisimama. Kuanzia siku ile nilitaka siku moja nimfanye mtu mwingine asimame vile.

Kidokezo tulichokusudia

Sura ya kwanza ilikuwa nyepesi. Baba ameacha alama za majivu kwenye mawe alikopita, mstari mweupe mfupi kama wa mtu aliyefutia kidole. Ukiona majivu, panda hapo. Baada ya mara tatu au nne mchezaji anakuwa amezoea.

Katika sura ya pili binti anapata mtumbwi na kuingia kwenye ghuba yenye mawe 19 yaliyochomoza majini. Moja kati ya hayo ni kiumbe kilicholala, na chini yake ndiko liliko pango analolitafuta. Atalijuaje? Hapo niliweka kidokezo nilichokipenda kuliko vyote. Nimekua nikiyaona mawe ya ziwani yakiwa meupe kwa kinyesi cha ndege. Mnandi, wale ndege weusi wanaopiga mbizi kisha wakasimama wametanua mabawa yakauke juani, hushinda juu ya mawe hayo mpaka yakawa kama yamepakwa chokaa. Nikasema: ndege wanajua. Juu ya kiumbe hawatatua. Basi mawe 18 yatakuwa na ndege na weupe wao, moja litakuwa safi. Mchezaji atatazama, atajiuliza, ataligusa.

Msanii wetu alikwenda ufukweni asubuhi tatu kuchora weupe ule ulivyo. Si rangi moja iliyomwagwa. Kileleni ni mzito, umeganda tabaka juu ya tabaka. Chini kidogo unakuwa michirizi inayofuata nyufa za jiwe. Halafu unakatika ghafla pale mawimbi yanapofika, na kuanzia hapo jiwe linakuwa jeusi kwa maji. Ule mstari mweusi wa chini aliuchora vizuri hivi kwamba ukiutazama unahisi ubaridi. Ilikuwa kazi nzuri mno, na kwa kuwa ilikuwa nzuri tukaitumia tena: kwenye mawe ya nchi kavu ya sura ya kwanza, kwenye paa la nyumba ya mwalo, kwenye nguzo za gati. Hakuna aliyeuliza kama weupe huo una maana gani huko. Ulikuwa pambo.

Kilichotokea

Jaribio la kwanza tulilifanya Jumamosi mbili mfululizo kwenye kibanda cha gemu, chini ya bati, mlango wazi na jua linaingia. Walikuja wachezaji 11, wengi vijana wa mtaani. Wakapita sura ya kwanza bila shida. Wakaingia ghubani, na wakakwama.

Wawili tu ndio waliotoka, na mmoja kati yao alitoka kwa sababu mtumbwi wake ulilipamia jiwe lenyewe kwa bahati. Waliobaki walifanya jambo ambalo sikulitarajia kabisa: walikwenda kwenye kila jiwe jeupe wakajaribu kulipanda. Jiwe moja, la pili, la tano. Mmoja aliyazunguka yote 18 na kurudia. Lile safi walilipita kama halipo.

Nilikaa na kijana mmoja baadaye nikamwuliza kama aliliona. Akasema, “Nililiona, dada. Nilidhani hamjamaliza kulichora, nikaona nisiliguse.”

Jibu lile nililibeba mpaka nyumbani. Kitu nilichokiweka kama siri, yeye alikisoma kama kazi iliyobaki, na kwa adabu yake akaipisha.

Jambo la pili lililoonekana siku hizo lilikuwa dogo lakini lilikuwa la kweli. Karibu wote walikuwa wamepunguza mwanga wa skrini ili chaji ifike jioni. Kwa mwanga ule, ndani ya kibanda chenye jua, mnandi weusi juu ya jiwe la kijivu hawakuonekana. Ndege wangu, ambao ndio waliobeba maana yote, walikuwa vivuli. Na mlio wa kiumbe anayekoroma chini ya maji, ambao mwenzetu wa sauti aliutafuta wiki nzima, haukusikika na mtu yeyote, maana kibandani kila mmoja anacheza na wote wanapiga kelele.

Uamuzi wa kwanza: rangi ya manjano

Wiki mbili mbele yetu tulikuwa tumealikwa kuonyesha gemu kwenye mkusanyiko wa vijana wa ubunifu. Tulijadili kupunguza mawe yawe sita, tukajadili pia kumweka mzee mvuvi atakayemwambia binti cha kufanya. Zote mbili zilihitaji muda. Msanii akapendekeza njia ya mkato: mchirizi wa manjano kwenye jiwe safi. Kazi ya jioni moja. Nilikubali, na nilikubali kwa sababu ya tarehe, wala sitaki kuipamba sababu hiyo.

Wengi wenu mnaijua njia hiyo. Mwaka 2024 Final Fantasy VII Rebirth ilipokaribia kutoka, wachezaji walibishana sana juu ya rangi ya manjano iliyopakwa kwenye majabali ya kupandika. Wapo walioiona kama tusi kwa akili zao. Lakini watengenezaji hawaitumii kwa uvivu. Picha za gemu za sasa zimejaa majani, nyufa, vumbi na vivuli kiasi kwamba jicho halijui lishike wapi, na watu wanapotea kwelikweli. Kwenye ghuba yetu ndogo ya simu tulikuwa tumefika kwenye tatizo hilohilo kwa mlango mwingine.

Tukaijaribu kwa wachezaji 9 wapya. Wote walipita, tena chapuchapu. Tulishangilia. Halafu wakaingia sura ya tatu, ambako hatukuwa tumepaka kitu, na hapo wakasimama kabisa. Walizunguka wakitafuta manjano. Hawakuongea na mtu, hawakufungua mkoba, hawakutazama juu. Nilipowauliza kuhusu ndege wa ghubani, ni mmoja tu aliyekumbuka kwamba kulikuwa na ndege.

Katika kundi hilo alikuwapo mtoto wa miaka kama 12, mdogo wa mwenye kibanda. Alipofika kwenye jiwe alisita, akageuka akaniuliza, “Dada, hii rangi nani kaipaka?”

Nikafungua mdomo kumjibu na sikuwa na jibu. Baba wa binti hakufika pale. Kiumbe hajipaki rangi. Wavuvi wa mwalo ule hawana manjano. Katika ulimwengu wote tulioujenga kwa miezi hakuna mkono hata mmoja ambao ungeweza kuipaka rangi ile, isipokuwa wetu.

Uamuzi wa pili

Tuliahirisha maonyesho. Haikuwa rahisi, na mmoja wetu alinuna kwa siku kadhaa, kwa haki, maana alikuwa ameshawaalika ndugu zake. Tukaifumua sura ya kwanza na ya pili kwa muda wa wiki sita hivi.

Kwanza tuliunyang'anya weupe kazi ya kuonyesha njia. Majivu ya baba tuliyaondoa. Badala yake baba anafunga fundo la kamba ya wavu kwenye tawi au ufa wa jiwe, ncha imeachwa inapepea. Tulichagua fundo kwa sababu lina umbo lake, na kwa sababu linacheza na upepo: kitu kinachotikisika kinaonekana hata kwenye skrini iliyofifishwa. Tena lina mwenyewe. Mvuvi hufunga kamba.

Kisha tukafuta weupe kila mahali ambapo ndege hakai. Hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Msanii alikaa karibu nami akiufuta mmoja mmoja: paa, mawe ya nchi kavu, ukuta wa ghala. Hakusema neno. Alikuwa ameamka alfajiri tatu kwa ajili yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia aueneze. Nilimwomba radhi. Kisa kama hiki hakipaswi kuandikwa kana kwamba michoro hufutika bila mtu kuumia.

Tatu, tulimfundisha mchezaji habari ya ndege kabla ya kumhitaji aijue. Asubuhi ya kwanza kabisa, gatini, mnandi wamekaa kwenye kila nguzo isipokuwa moja. Ukiisogelea, nguzo hiyo inafumbua jicho na kutumbukia majini. Haikuumizi. Baadaye kidogo kuna mtumbwi uliotelekezwa, ndege hawautui. Ukiingia ndani unang'atwa na kupoteza nguvu kidogo. Ukifika ghubani umeshaonywa mara mbili, mara moja bure na mara moja kwa maumivu.

Nne, jiwe lenyewe. Tulitaka lionekane kwamba linaepukwa, yaani kuna jambo linatokea pale. Kila baada ya sekunde chache mnandi mmoja anakuja akilielekea, anashusha miguu atue, anaghairi, anapinda na kutua jiwe la jirani. Na ule mstari mweusi wa maji tuliupa uhai: kwenye mawe mengine umetulia kwa kuwa ziwa ni shwari, kwenye hili unapanda na kushuka taratibu. Jiwe linapumua. Wazo hili lina wazee wake. Katika Dark Souls, pia ya mwaka 2011, baadhi ya makasha ya hazina ni viumbe wenye meno, na mchezaji mwenye subira huwatambua kwa mnyororo wa pembeni uliolala tofauti na wa makasha ya kawaida. Anayekimbia analiwa.

Mwisho tuliongeza tofauti ya mwanga kati ya ndege na jiwe, tukaipima kwa simu ya bei nafuu iliyofifishwa, tukiwa nje saa saba mchana.

Matokeo

Wachezaji wa jaribio la tatu walikuwa 12, wote wapya. Ghubani 9 walipita wenyewe. Wawili walirudi mwaloni wakamwuliza mzee anayeshona nyavu, ambaye sasa tulikuwa tumemwekea sentensi moja tu, “Ndege ana macho kuliko wewe, mwanangu,” wakapita. Mmoja hakupita, akaacha.

Walichukua muda mrefu kuliko wale wa manjano. Lakini kibanda kilikuwa na sauti nyingine. Kijana mmoja alimvuta mwenzake bega, “Tazama yule ndege, tazama, anaogopa!” Na kwenye sura ya tatu, ambako hakuna ndege wala fundo, waliingia wakiwa wanatazama. Hilo ndilo nililolipima kwa moyo wangu kuliko dakika.

Sura hiyo ya tatu ndiyo iliyotuletea kosa jipya. Kidokezo chake ni taa za wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza ziwa linawaka karabai hadi upeo wa macho. Usiku wa mbalamwezi hakuna hata moja, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawavutwi na taa, na wavuvi wanapumzika wakishona nyavu. Binti anapaswa kuchagua usiku ambao ziwa ni tupu. Wachezaji wetu waliokulia karibu na mwalo walilijua mara moja, wengine hata kabla sijamaliza kufurahi. Nakala tuliyomtumia rafiki wa Iringa ilirudi na ujumbe kwamba taa zimepotea, labda simu imezidiwa.

Uchambuzi

Kosa la ghuba nililiita kwanza kosa la wachezaji kutokuwa makini. Hapana. Walikuwa makini mno. Sura ya kwanza niliwafundisha kwamba weupe ni njia, nao wakanisadiki. Kisha nikawaletea weupe mwingi usio njia, nikawalaumu kwa kunisadiki. Mchezaji wa gemu ya ulimwengu wa kubuni hana pa kuegemea isipokuwa alichoonyeshwa. Mwezi wake, maji yake, ndege wake, vyote anavipokea kutoka kwetu. Alama ikishatumika kwa maana fulani inakuwa neno letu tulilompa, na pambo linalofanana nayo linalivunja bila sisi kujua.

Kuhusu jiwe safi, nilijiuliza sana kwa nini upungufu hauonekani ilhali kuna gemu ambako unaonekana vizuri. Katika The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ya mwaka 2017, kuna mafumbo mengi ambayo ni duara la mawe lenye jiwe moja pungufu. Unalitafuta jiwe, unaliweka, fumbo linafunguka, na hakuna anayedhani wachoraji walisahau. Tofauti ni duara. Duara linatangaza kwamba kuna aliyelipanga, kwa hiyo pengo lake linatangaza kwamba kuna kilichoondolewa. Mawe yangu 19 yalitawanyika kama Mungu alivyoyatawanya ya Mwanza, na katika kilichotawanyika pengo halisemi kitu. Ilibidi nitafute kitu kingine cha kuutangaza mpango, na ndege anayeghairi kutua ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Kutokuwapo kwa ndege ni ukimya. Ndege anayekuja akageuka ni tukio, na jicho la mtu hushika tukio.

Rangi ya manjano siilaani. Iliwapitisha watu wote 9, na gemu ambayo watu hawapiti haina maana. Ninachoshikilia ni swali la yule mtoto. Kama ndani ya hadithi kungekuwa na mkono wa kuipaka, ningeiacha. Fundo la kamba kimsingi ni rangi ya manjano iliyopata mwenyewe: linasema “panda hapa” waziwazi vilevile, ila linasema pia kwamba baba alipita hapa akiwa hai.

Kilichofaulu kuliko nilivyodhani ni ile nguzo inayofumbua jicho. Ilichukua siku mbili kuitengeneza na ndiyo iliyofanya ghuba ieleweke. Laiti ningeanza nayo. Kilichoshindwa na bado kinashindwa ni sauti. Kwa mazingira wanayochezea watu wetu, kidokezo cha sauti peke yake hakitoshi, na mwenzetu wa sauti amelikubali hilo kwa uchungu. Sasa kila mlio unaambatana na kitu kinachotikisika.

Na karabai. Hapa tulibishana sana. Mmoja alitaka maandishi ya maelezo yatokee. Mimi sikutaka, lakini pia sikuwa na haki ya kumdai mtu wa Iringa elimu ya mwaloni. Tukaweka usiku wa mbalamwezi mapema katika sura: mitumbwi imepandishwa mchangani, nyavu zimetandazwa, vijana wanazishona, na mmoja anasema, “Leo mwezi, hakuna kazi.” Mchezaji anapita katikati yao kwenda kununua kamba. Anayejua atatabasamu, asiyejua ameshajua. Rafiki wa Iringa amecheza tena na amepita, ingawa ameniambia alilidhani jambo la mwezi ni uchawi wa gemu yetu, mpaka nikampigia kumweleza kwamba ndivyo ilivyo huku kila mwezi.

Yule mmoja aliyeacha ghubani bado ananisumbua. Alitazama jiwe, akamwona ndege akigeuka, hata alitabasamu. Ila hakudhani kwamba kuona kwake kulimhusu. Sijapata namna ya kumfikia.

Siku hizi tuna daftari la kawaida la shule ambalo kila alama ina ukurasa wake: fundo, ndege, mstari wa maji, karabai. Kabla mtu hajaweka kitu chochote kinachofanana nazo popote kwenye gemu, analifungua kwanza. Ukurasa wa weupe una mstari mmoja, “palipo na ndege tu.” Ukurasa wa majivu uko mtupu, na msanii ameomba usichanwe, maana kwa sura ya tano ana wazo.